Ngazi za Uani kwa Mama

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika nyumbani kwetu Bariadi na ukapitishwa uani, utaziona ngazi ambazo hazifanani na ngazi za nyumba nyingi za mji ule. Hazishuki upande mmoja tu. Zimeizunguka baraza yote ya nyuma, tangu ukuta wa jikoni hadi upande wa choo, zikipinda kona mbili bila kukatika, hata mtu aweza kushuka popote miguu yake inapompeleka. Wageni huzisifu sana. Mimi kila nizitazamapo hukumbuka mkono wa mama yangu ukiwa ndani ya plasta, na hukumbuka vilevile kwamba ni mimi niliyekataa kulipia lori moja la moramu.

Naomba nikusimulie habari hii tangu mwanzo, maana najua kwamba miongoni mwenu mnaosoma ukurasa huu wamo wengi walio kama mimi. Mnafanya kazi Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, wazazi wenu wako mbali, na kila mwaka mnapeleka fedha za kurekebisha hiki na kile katika nyumba ambayo ninyi wenyewe hamlali ndani yake.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba mwaka 1984, kwa matofali ya kuchoma na kwa fedha ya pamba. Siku hizo Bariadi ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na mama hupenda kusema kwamba yeye alihamishwa mkoa akiwa ameketi palepale kigodani pake. Nyuma ya kiwanja chetu hupita korongo dogo la maji ya mvua, nalo limekikata kiwanja kwa mshazari. Baba alipojenga baraza ya nyuma hakutaka kupoteza hata hatua moja ya ardhi yake, wala hakutaka kulisogelea korongo. Kwa hiyo aliikata kona ya baraza kwa mshazari uleule. Basi baraza ile ina nyuso tatu: mmoja huelekea jikoni, wa kati huelekea korongo, na wa tatu huelekea choo na kisima. Aliiinua sentimita 60 kutoka ardhini, akaiwekea ngazi moja nyembamba ya mawe upande wa jikoni, akaridhika.

Alikuwa na sababu ya kuiinua. Udongo wa pale ni ule mweusi wa mbugani, na mwenyeji wa Usukuma hahitaji kuelezwa tabia yake. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kuzamisha mkono ndani yake. Mvua ikinyesha huvimba, hung'ang'ania viatu, na huinua bila adabu chochote kilichojengwa juu yake. Mwenye akili huinua nyumba yake mapema kabla udongo haujamwinulia.

Mama sasa amepita miaka 70. Ili afike kisimani alilazimika kushuka upande wa jikoni, kisha kuizunguka baraza yote kwa miguu, mara tano au sita kwa siku, na ndoo mkononi. Nilipomtembelea mwaka 2018 nilimwona, nikaona haya. Mwaka uliofuata, nikiwa Dar es Salaam, niliamua kwamba ngazi zitaizunguka baraza pande zote tatu. Nilichora kwenye karatasi, nikaipiga picha karatasi ile, nikaituma kwa simu kwa binamu yangu, naye akatafuta fundi.

Fundi alinipigia siku ya pili. Alisema uwanja haulingani; upande wa choo ardhi iko chini karibu sentimita tisa kuliko upande wa jikoni, kwa sababu maji ya paa yameila miaka mingi. Akaomba lori moja la moramu ili uwanja upandishwe na kushindiliwa kabla ya kujengwa chochote. Nami, ndugu msomaji, nikawaza kama wengi tunavyowaza tukiwa mbali: mafundi ndivyo walivyo, daima hawakosi lori moja la ziada. Nilimjibu kwa ule mkato wa mtu aliye ofisini, kwamba afanye kazi kwa fedha iliyopo. Akafanya. Nililetewa picha, nikaona ngazi zinapendeza, nikawaonyesha wenzangu ofisini.

Mwezi Oktoba mwaka 2020, mvua za vuli zilipoanza, mama alianguka akishuka upande wa choo wakati wa magharibi. Mkono wake wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Kwenye simu aliniambia, "Nimeteleza tu, mwanangu, usijisumbue na safari."

Nilisafiri. Wale mnaoijua njia hiyo mnajua urefu wake: Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, kisha kuiacha barabara ya Mwanza pale Mwigumbi na kupita Maswa. Mtu hupata wasaa wa kutosha wa kuwaza. Nilipofika, na baada ya kumpa mama pole, nilikwenda nyuma na futi ya kupimia. Mimi si fundi. Nilisomea uandishi wa habari, na stashahada yangu haikugusa saruji. Lakini namba aweza kuzisoma yeyote. Kutoka juu ya baraza hadi kidato cha kwanza, sentimita 15. Cha pili, 15. Cha tatu, 15. Kutoka kidato cha tatu hadi ardhini, upande wa choo, sentimita 24.

Zile sentimita tisa za moramu hazikupotea. Zilijikusanya zote mahali pamoja, kwenye hatua ya mwisho kabisa, pale ambapo mtu amekwisha kuamini kwamba ameshuka.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuuliza habari za ngazi kila niendako, na nakuomba univumilie kidogo juu ya jambo hili. Mguu wa binadamu haupimi kila hatua. Huzipima mbili za mwanzo, hujifunza, kisha huziendea zilizobaki kwa mazoea, ilhali macho yanatazama mbele na mawazo yako kwenye ndoo. Ngazi zikiwa ndefu zote kwa kipimo kimoja, hata kama kipimo chenyewe si kizuri, mwili huzizoea. Ngazi moja ikiwa tofauti na dada zake, hata kwa sentimita mbili tu, mguu hukanyaga hewa au hujikwaa. Kwa mama hazikuwa mbili, zilikuwa tisa, na ilikuwa magharibi.

Kuna kanuni ya zamani aliyoiandika Mfaransa mmoja, François Blondel, mwalimu wa usanifu wa majengo katika karne ya 17. Alisema kwamba ukichukua kimo cha kidato mara mbili, ukajumlisha na upana wa mahali pa kukanyagia, jumla iwe sawa na hatua moja ya mtu anayetembea. Mafundi wa leo huikadiria hatua hiyo kuwa kati ya sentimita 60 na 65. Kimo cha 15 na upana wa 30 huleta 60 kamili, hatua fupi ya mtu asiye na haraka. Kwa hiyo kipimo cha fundi wetu wa kwanza kilikuwa chema, na kingefaa kabisa kama ardhi ingekuwa tambarare, na ardhi ingekuwa tambarare kama ningelipa.

Sikuzijenga upya mwaka ule. Kupata fedha kulichukua muda, na kupata ujasiri kulichukua muda mrefu zaidi. Mama alirudia ngazi ya jikoni na mzunguko wake wa zamani, na upande wa choo akauzuia kwa mtungi uliopasuka.

Mwezi Julai mwaka 2022 nilichukua likizo yangu yote, nikaenda mwenyewe. Jirani alitupatia mwashi mzee, mtu wa maneno machache, ambaye alimwita mama "mayu" na kumwamkia kwa heshima zote za Kisukuma kabla hajatazama jiwe hata moja. Nilidhani angeanza kwa kupima. Badala yake aliomba kigoda, akaketi, akamwomba mama apande na kushuka mara tatu upande wa jikoni. Mama alicheka, akafanya. Mzee alinigeukia. "Umeona? Hushusha mguu wa kulia, kisha wa kushoto humfuata palepale. Miguu yote miwili hupumzika kwenye kidato kimoja. Basi kila kidato ni lazima kiichukue yote miwili, pamoja na ndala." Nilikuwa nimemtazama mama akishuka ngazi ile tangu utotoni mwangu, wala sikuwahi kuliona jambo hilo.

Kisha akanionyesha kosa la pili, ambalo futi yangu haikulifichua. Kwenye kona zile mbili vidato havikuwa na upana ulio sawa. Vilikuwa vipana mno penye kona, vikizidi kusinyaa kila vilipokwenda mbali nayo. Fundi wa kwanza alikuwa amezoea nyumba za pembe mraba. Katika kona ya mraba, ukitaka kidato cha sentimita 30 kizunguke, hupima kutoka kona kwa mshazari sentimita 42 na kitu, na hapo ndipo kona ya kidato huangukia. Fundi huyo alikuwa ameikariri 42 kama mtoto anavyokariri jedwali la hesabu. Lakini kona za baraza yetu si za mraba. Zimefunguka zaidi, nyuzi 135 kila moja, na kipimo chake cha mshazari ni sentimita 32 na nusu tu. Kwa vidato vitatu tofauti hiyo hukua mara tatu, karibu sentimita 30, yaani kidato kizima.

Mzee hakuzijua nyuzi wala hesabu hizo. Mimi ndiye niliyezitafuta baadaye. Yeye alikuwa na kamba. Alipigilia mambo ardhini, akavuta kamba sambamba na uso wa jikoni, sentimita 30 kutoka ukingoni, na nyingine sambamba na uso wa kati, sentimita 30 vilevile. Zilipokatana, akasema, hapo ndipo kona ya kidato cha kwanza. Akazisogeza hadi 60, kisha 90. Alipomaliza alivuta kamba nyembamba kutoka kona ya baraza hadi mkatano wa mwisho, nayo ikapita juu ya mikatano yote mitatu kama uzi kwenye tundu la sindano. Akanitazama bila kusema neno. Nilipima uso wa kati: ukingo wa baraza mita mbili, kidato cha kwanza mita 2 na robo, cha pili mita 2 na nusu, cha tatu pungufu kidogo ya mita 2 na robo tatu. Ulikuwa ukiongezeka kwa robo mita kila hatua, wala hakuna aliyekuwa ameupigia hesabu.

Nikakumbuka Kilwa Kisiwani. Kazi yangu iliwahi kunifikisha huko, kwenye magofu ya Husuni Kubwa, jumba la kifalme la karne ya 14 linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ndani yake mna birika la kuogea lenye pembe nane, limejengwa kwa mawe ya matumbawe. Na pembe nane zilizo sawa, ndugu msomaji, kila moja ni nyuzi 135, sawasawa na kona za baraza ya baba yangu mkulima wa pamba. Siku ile nilipokuwa Kilwa nilipiga picha, nikaandika habari ya watalii, nikaondoka. Sikujiuliza walioyapanga mawe yale walivuta kamba zao vipi.

Kubomoa kulichukua siku mbili. Kuchimba kulichukua nne, kwa kuwa mzee alikataa katakata kujenga juu ya udongo mweusi. Tuliutoa hadi nusu mita chini, tukajaza moramu kwa matabaka, kila tabaka likimwagiwa maji kidogo na kushindiliwa hadi kisigino kisiache alama. Lori lile nililolikataa mwaka 2019 lilikuja sasa, na nyuma yake likaja la pili. Kwa mpira wa maji alihakikisha kwamba uwanja wa pande zote tatu uko sawa na mstari mmoja. Kati ya ngazi na ukuta wa baraza aliacha mwanya mwembamba kama kidole, akaujaza lami, ili udongo ukivimba na kuzisukuma ngazi, zisiuvute ukuta wa nyumba. Na kila kidato alikiinamisha mbele kidogo, kiasi cha nusu sentimita, maji yasilale juu yake.

Ugomvi ulikuja baada ya kazi kwisha. Zege na lipu hukomaa kwa unyevu. Zikikauka upesi katika jua la Julai hupasuka na kuwa dhaifu, kwa hiyo mzee aliagiza zimwagiliwe kwa siku saba. Kisima chetu kilikuwa kimepungua, nasi tulikuwa tukinunua maji kwa madumu. Siku ya pili mama alinikuta nikimimina dumu zima juu ya mawe. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu kama najua idadi ya nyumba za mtaa ule zilizolala bila maji ya kunywa usiku uliopita. Sikuwa na jibu, na bado naamini kwamba alikuwa na haki. Mzee ndiye aliyetupatanisha: tulitandika magunia ya zamani juu ya vidato vyote, tukayalowesha, kisha tukayafunika nailoni na kuikandamiza kwa mawe. Dumu moja likatosha kwa siku nzima, nalo lilikuwa la maji yaliyokwisha kusuuzia vyombo.

Tuligombana tena juu ya rangi. Mama alitaka vidato vipakwe ile rangi nyekundu ya sakafu na kung'arishwa kwa nta kama sebule ya siku za ujana wake. Nilikataa, maana sakafu ya nta ikilowa ni sawa na sabuni. Tukakubaliana saruji iachwe na mikwaruzo ya ufagio, na ukingo wa kila kidato upigwe mstari mweupe mpana, macho ya mtu mzima yapate kuuona wakati wa magharibi. Mstari huo hufifia. Binamu yangu huupaka upya kila mwaka.

Na hapa nikiri kasoro ya ngazi za namna hii, ambayo picha nzuri huificha. Ngazi zinazoshukika kila upande hazina mahali pa kushikilia. Kijana hafikirii jambo hilo. Mzee wa miaka 70 akisimama juu ya ukingo ulio wazi pande zote huona kama amesimama ufukoni penye mawimbi. Ingekuwa fedha inaruhusu kimoja tu, mkono wa chuma au ngazi za kuzunguka, leo ningechagua mkono wa chuma na ngazi moja iliyonyooka. Tulichomelea bomba upande wa choo, kimo cha sentimita 90, likianzia juu ya baraza na kupita kidato cha mwisho kwa hatua moja kamili, ili mkono uachie baada ya mguu kufika chini, si kabla. Bomba lile linaharibu sura ya ngazi. Nililiona hivyo kwa siku mbili, kisha nikamwona mama akilishika.

Jioni ya mwisho kabla ya safari nilimweleza mama habari ya lori. Nilikuwa nimeibeba kwa karibu miaka mitatu. Nilimwambia kwamba fundi yule hakukosea peke yake. Aliomba moramu, nami nikamnyima, na kama ningempa asingeanguka. Mama alikuwa akianua michembe aliyoianika kwenye vidato vya upande wa korongo, maana alikuwa amekwisha kugundua kwamba saruji ile hushika jua vizuri kuliko mkeka. Aliendelea kukusanya.

"Najua," akasema. "Alikuja kwangu baada ya kuongea nawe. Alitaka nikupigie mimi, nikuombe. Nikamwambia aache, ajenge hivyohivyo. Nilisema mtoto ana kodi ya nyumba huko Dar es Salaam, nami miguu yangu bado ina nguvu."

Sikujua niseme nini. Alinikabidhi ungo uliojaa, akaniambia niupeleke ndani kabla umande haujashuka. Nilipogeuka mlangoni alikuwa amekwisha kulishika bomba kwa mkono ule uliowahi kuvunjika, anashuka upande wa choo, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, ndoo ikining'inia mkono wa pili. Akafika chini, akapiga hatua moja zaidi, ndipo akaliachia, akaelekea kisimani.